Kusaka uzi wa kufumia ng'ambo ya mpaka: Anachopaswa kujua mfumaji kabla ya kupanda basi

Januari ikikaribia, kila fundi wa sweta za shule anajua hesabu iliyo mbele yake. Oda imeshapokelewa, malipo ya awali yameshaliwa na kodi ya chumba cha mashine, na mkuu wa shule anataka sweta zote ziwe na rangi moja, kola moja na mstari mmoja mkononi. Kinachokosekana ni uzi. Kwa mfumaji wa Arusha, Njombe, Kabale, Musanze au Bukavu, uzi mzuri kwa bei ya jumla mara nyingi haupo sokoni kwao. Upo upande wa pili wa mpaka, kwenye duka asilolijua, katika mji ambao amewahi kuupita tu akiwa ndani ya basi.

Safari ya kusaka uzi haifanani na ya kusaka vitenge au vyombo. Kitenge kikiwa na kasoro unakiona pale pale, kwenye meza ya muuzaji. Uzi unaficha kasoro yake hadi sweta ya arobaini iwe imeshafumwa na kuoshwa. Ndiyo maana wafumaji wazoefu hutumia muda mrefu zaidi kuuliza kuliko kununua, na wengi wao hurudi safari ya kwanza wakiwa na kilo mbili tu za majaribio.

Kwa nini kondoo wetu hawatusaidii

Swali hili huulizwa sana na wageni wa kazi hii: mbona kondoo wamejaa kila mahali, na bado uzi wa sufu ni adimu? Jibu ni kwamba kondoo wengi wa asili wa ukanda huu, akiwamo kondoo mwekundu wa Kimaasai, wana nywele na si sufu. Nywele zile hazisokoteki kuwa uzi wa sweta. Kondoo wa sufu waliletwa na walowezi, na hata wao hawakupata kazi rahisi. Lord Delamere, mlowezi maarufu wa Njoro, alileta kondoo wa aina ya Merino mwanzoni mwa karne iliyopita akapata hasara kubwa kabla mifugo haijazoea nchi. Leo kondoo wa sufu, kama Merino na Corriedale, wanafugwa kwenye nyanda za juu za Kenya, pande za Molo, Njoro, Nyandarua na miteremko ya Mlima Kenya.

Kwa hiyo anayetaka sufu halisi, iliyosokotwa kwa mkono, ana mahali pa kwenda. Nanyuki kuna ushirika wa wanawake wa Nanyuki Spinners and Weavers, wanaosokota sufu na kufuma mazulia na mashali. Njoro, karibu na Nakuru, kuna Kenana Knitters, ambako wanawake wa vijijini hufuma wanasesere wa wanyama na mavazi kwa sufu iliyosokotwa kwa mkono na kutiwa rangi za mimea. Hapo mfumaji anayetengeneza bidhaa za watalii wa Zanzibar, Arusha au Entebbe atajifunza mengi kwa kutazama tu. Lakini sufu ya mkono ni ghali, unene wake haulingani kutoka donge moja hadi jingine, na kuifulia sweta ya mtoto wa darasa la pili kwa maji ya moto ni kuisinyaza ikamtosha mdogo wake. Si uzi wa oda ya shule, hata kidogo.

Uzi wa oda ya shule ni akriliki. Akriliki hutengenezwa kwa kemikali zinazotokana na mafuta ya petroli, na kampuni ya DuPont ya Marekani ndiyo iliyoanza kuiuza kibiashara mwaka 1950 kwa jina la Orlon. Haliwi na nondo, hukauka upesi, huvumilia kufuliwa kila wiki na hushika rangi vizuri. Adui yake ni pasi. Pasi ya moto ikigusa sweta ya akriliki, ile hali ya kuvutika na kurudi hufa papo hapo, sweta ikalegea kama kitambaa kilicholowa na haifufuki tena. Mfumaji anayeuza sweta bila kumwambia mzazi jambo hilo hujitafutia malalamiko ambayo si ya uzi wala ya mkono wake.

Pa kuanzia kuuliza

Kosa la wengi wakifika mji wa ugeni ni kumuuliza dereva wa teksi au mhudumu wa gesti duka la nyuzi liko wapi. Watapelekwa kwenye nyuzi za cherehani. Neno "uzi" peke yake, iwe Nairobi, Kampala au Dar es Salaam, humfanya mtu afikirie kigurudumu cha uzi wa kushonea. Sema "uzi wa kufumia sweta". Nchini Kenya utawasikia wauzaji wakiuita uzi wote wa kufumia kwa jina la Kiingereza la sufu hata kama hauna unyoya mmoja wa kondoo, kwa hiyo usishangae ukiahidiwa sufu ukapewa akriliki. Hakuna aliyekudanganya, ni lugha ya soko tu. Kampala, neno la Kiganda ni "wuzi", jirani kabisa na la Kiswahili, na bado utahitaji kuonyesha kwa vidole kwamba unafuma. Kigali na Rubavu uzi huitwa "urudodo" na sweta ni "umupira w'imbeho", mpira wa baridi kwa tafsiri ya haraka. Bukavu, Goma na Bujumbura Kiswahili kinatosha sokoni, lakini neno la Kifaransa "laine" hufungua mlango haraka zaidi kwa mwenye duka.

Njia bora kuliko zote ni kubeba mkononi kipande cha kazi yenyewe. Kipande cha sweta cha ukubwa wa kiganja, pamoja na uzi wa mita moja uliobaki, husema kila kitu: unene, rangi, aina ya mashine. Mwenye duka mzoefu atakigusa, atauvuta uzi, kisha ataingia stoo bila kukuuliza swali la pili.

Na wa kuulizwa kwanza ni fundi mwenzako. Tafuta mtaa wa maduka ya sare za shule. Nyuma ya maduka hayo, au ghorofani, kuna watu wenye mashine za kufuma, na sauti yake haifichiki: ule mkwaruzo wa kwenda na kurudi, kama mtu anayefungua na kufunga zipu kubwa. Fundi wa mji ule hana sababu ya kukuficha, kwa kuwa wewe utauza ng'ambo na hamtagombania mteja. Salamu iwe ya heshima, mama au mzee apewe haki yake kabla ya kutaja bei, na ukinunua soda mbili mkaketi, utapata ramani ambayo hakuna mtu wa mapokezi angekupa. Utaambiwa pia jambo muhimu kuliko anwani ya duka: nani huuza bechi kamili na nani huchanganya mabaki.

Jijini Nairobi, mtaa wa Biashara, ule uliokuwa ukiitwa Indian Bazaar enzi za ukoloni, ndio wenye jina la zamani katika vitambaa, vikoi na vifaa vya ushonaji. River Road na vichochoro vyake ni pa jumla zaidi, na maduka mengi mazuri hayako barabarani bali ndani ya majengo, ghorofa ya kwanza au ya pili. Gikomba na Kamukunji ni dunia nyingine, ya mitumba na vyuma, ingawa nayo ina faida yake kama itakavyoelezwa. Mwenye oda kubwa anaweza kupita Nairobi na kwenda kwenye chanzo. Eldoret kuna kiwanda cha Ken-Knit, kinachojulikana kwa nyuzi za kufumia na mablanketi, na Ruiru, nje kidogo ya Nairobi, kuna Spinners and Spinners. Kiwanda kina kiwango chake cha chini cha kuuza na hakipendi mnunuzi wa kilo tano, lakini wafumaji watatu au wanne wakiunganisha oda, mlango unafunguka.

Kampala mwenyeji atakutuma Kiyembe, kichochoro cha vitambaa na mafundi, kisha Kikuubo kwa vitu vya jumla. Beba moyo na funga mkoba vizuri, kwa sababu Kikuubo hakuna kusimama katikati ya njia ukihesabu noti. Uganda ina nguvu zaidi kwenye pamba: Jinja kuna kiwanda cha Southern Range Nyanza, kilichoanza miaka ya 1950 kikiitwa Nytil, na Kampala kuna Fine Spinners. Tanzania nayo ina Sunflag ya Arusha na historia ndefu ya viwanda vya pamba. Pamba haifai sweta ya shule ya mahali pa baridi, lakini kwa wanaofuma kwa sindano ya ndoana vitambaa vya makochi, kofia za watoto na blauzi nyepesi za pwani, ndiyo yenyewe.

Bujumbura inahitaji tahadhari ndogo. Soko kuu la katikati ya jiji liliungua Januari 27, 2013, na wafanyabiashara wake wakatawanyika kwenye masoko mengine. Anayefuata maelekezo aliyopewa na shangazi yake aliyekuwa akinunua pale zamani atazunguka bure. Goma na Bukavu, ulizia hali ya usalama na ya mpaka siku hiyo hiyo, si ya wiki iliyopita.

Bechi ya rangi

Hapa ndipo pesa hupotea.

Uzi hutiwa rangi kwa mafungu. Kila fungu huingia kwenye pipa lake, na hata kiwanda chenye mitambo mizuri hakiwezi kurudia rangi ile ile kwa usahihi kamili katika fungu la pili. Kwa sababu hiyo lebo ya koni au donge huwa na namba mbili: namba ya rangi, na namba ya bechi. Namba ya rangi ikilingana na ya bechi ikatofautiana, uzi ule ni wa kijani kile kile kwa mdomo tu. Dukani chini ya taa huoni kitu. Sweta ikitoka juani kwenye gwaride la asubuhi, mkono mmoja ni kijani cha mgomba na kiwiliwili ni kijani cha chupa, na mwalimu mkuu aliye mita ishirini anaona.

Chukua mfano wa oda ya sweta 200 za watoto. Kila moja ikichukua gramu 250, unahitaji kilo 50. Mfumaji mwenye haraka hununua kilo 50 kamili, anafurahia kuokoa nauli ya mzigo, anarudi Arusha. Sweta zinachanika zikifumwa, koni mbili zina mafundo, saizi za darasa la saba zinakula zaidi ya makadirio, na ikifika sweta ya 185 uzi umekwisha. Nairobi ni takriban kilomita 270 kutoka Arusha, na muuzaji anajibu kwa simu kwamba rangi ipo. Rangi kweli ipo, bechi haipo. Sweta 15 za mwisho ndizo zilizobeba faida ya oda nzima, kwa kuwa zile za mwanzo zimelipa uzi, nauli, ushuru na umeme.

Ongeza angalau asilimia 10 juu ya hesabu yako, yaani kilo 5 katika mfano huu. Kilo tano zilizobaki si hasara, zitatoka kama kofia na soksi. Kabla ya kulipa, zipange koni zote sakafuni na usome bechi moja moja, hata kama muuzaji ananung'unika. Koni moja toka nayo nje mlangoni, uitazame kwenye mwanga wa jua kando ya kipande ulichobeba. Muuzaji anayekataa uzi usitoke nje ana sababu yake.

Na ikiwa msiba umeshatokea, bechi mbili zimo ndani ya nyumba, usizichanganye kwenye sweta moja. Saizi ndogo zote zifumwe kwa bechi moja na saizi kubwa kwa nyingine, maana watoto wa darasa la kwanza hawapangi mstari mmoja na wa darasa la saba. Kwa anayefuma kwa mkono kuna ujanja wa zamani: fuma mistari miwili kwa donge la bechi hii na miwili kwa la bechi ile, zamu kwa zamu, na jicho halitaona mpaka wa rangi.

Kusoma lebo, kupima, kuchoma

Kwenye koni za mashine kuna namba inayoandikwa kama 2/32. Wengi huikariri tu. Maana yake ni hii: nyuzi mbili zimesokotwa pamoja, na kila mmoja una urefu wa mita 32 kwa gramu moja. Zikiwa pamoja, gramu moja inatoa mita 16, kwa hiyo kilo moja ni kilomita 16 za uzi. Sweta yetu ya gramu 250 ina kilomita nne ndani yake, ingawa mashine huwa inakula nyuzi mbili au zaidi kwa wakati mmoja. Namba ya pili ikipanda, uzi ni mwembamba zaidi. Mashine nayo ina namba yake, geji, ambayo ni idadi ya sindano katika inchi moja: mashine ya geji 5 inataka uzi mnene, ya geji 12 inataka mwembamba. Ukinunua 2/32 kwa ajili ya mashine ya geji 5 utalazimika kuunganisha nyuzi nyingi. Ukinunua uzi mnene kwa mashine ya geji 12, utavunja sindano, na sindano za mashine kuukuu hazipatikani kila mtaa.

Uzito. Lebo ikisema kilo moja, uliza kama ni pamoja na koni yenyewe. Koni ya plastiki au ya karatasi ngumu ina uzito wake, na kwa koni 50 tofauti hiyo inageuka kuwa uzi ambao umeulipia na haupo. Wazoefu hubeba mizani ndogo ya ndoana, ile ya kupimia samaki, na hupima koni tupu moja kwanza.

Moto. Kata kipande cha uzi kama urefu wa kidole, kishike kwa kibano au pini, kiwashe mbali na mzigo. Sufu inaungua polepole, inanuka kama nywele zilizoungua, na moto ukiondolewa huzimika, ikaacha jivu linalosagika vidoleni. Pamba inawaka kama karatasi na kuacha jivu laini la kijivu. Akriliki inayeyuka ikiwaka, harufu yake ni kali ya kuchoma pua, na mwisho inaacha kidonge cheusi kigumu kisichovunjika kwa kucha. Mchanganyiko hutoa dalili za pande zote. Jaribio hili ni la nusu dakika na limewaokoa wengi kulipa bei ya sufu kwa akriliki, lakini lifanywe kwa ruhusa na nje ya duka. Duka la nyuzi ni kama ghala la petroli.

Kumbuka pia kufinya na kusugua. Uzi mweupe uliolowa mate, ukisuguliwa kwa nguvu juu ya uzi mwekundu au wa bluu iliyokolea, usirudi na rangi. Ukirudi na rangi, sweta yenye mstari mweupe kifuani itageuka ya waridi kwenye beseni la kwanza.

Uzi uliozaliwa mara ya pili

Gikomba ilitajwa. Wafumaji wengi wa mkono hawanunui uzi mpya kabisa, hununua sweta za mitumba, wanazifumua na kupata uzi wa sufu bora ambao usingepatikana dukani kwa bei hiyo. Ni akili, na ina kanuni zake. Geuza sweta ndani nje utazame mshono wa ubavuni. Ikiwa vipande vimefumwa kwa umbo lake kisha vikaunganishwa kwa mnyororo wa uzi, sweta itafumuka kutoka mwanzo hadi mwisho kwa uzi mmoja mrefu. Ikiwa mshono umekatwa kwa mkasi na kuzungushiwa uzi wa mashine ya overloki, iache. Ile imekatwa kutoka kwenye kitambaa kilichofumwa, na ukiifumua utapata vipande vifupi vya mstari mmoja mmoja, rundo la kujazia mito. Sweta ya sufu iliyosinyaa na kuwa ngumu kama blanketi nayo haifumuki.

Uzi uliofumuliwa huwa na mawimbi. Huzungushwa kwenye mgongo wa kiti, hufungwa sehemu nne usichanganyikane, huloweshwa na kuning'inizwa ukiwa na kizito kidogo chini hadi ukauke. Ukiruka hatua hiyo, kazi mpya itatoka na uso wa matuta.

Njia hii haipo kila nchi. Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo za mitumba mwaka 2016 kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50, na mwaka 2018 Marekani ikajibu kwa kusimamisha nafuu ya kuingiza mavazi ya Rwanda katika soko lake bila ushuru. Siasa hiyo ina tafsiri rahisi kwa mfumaji: Kigali hakuna milima ya sweta za mitumba za kufumua, na kwa sababu hiyo hiyo sweta mpya iliyofumwa vizuri haishindanishwi na mtumba wa bei ya chai. Wafumaji wa Kabale na Bukoba wanaotazama upande huo wanalijua hilo.

Mpakani

Uzi mbichi na sweta iliyomalizika si bidhaa moja mbele ya afisa wa forodha. Ushuru wa Pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa bidhaa zinazotoka nje ya Jumuiya umepangwa kwa ngazi: malighafi chini, bidhaa za kati katikati, bidhaa zilizokamilika juu, na Julai 2022 ikaongezwa ngazi ya asilimia 35 kwa baadhi ya bidhaa, mavazi yakiwamo. Hata uzi wenyewe hugawanywa: koni za kiwandani zina fungu lake, madonge yaliyofungwa tayari kwa rejareja yana lingine. Ankara iseme wazi ni kipi. "Vifaa vya ushonaji" ni maneno ya kumkaribisha afisa afungue kila mfuko.

Kwa bidhaa iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya, mfanyabiashara mdogo ana haki ambayo wengi hawaitumii. Mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani unaweza kuvuka kwa cheti rahisi cha uasili, kinachotolewa hapo hapo mpakani, na kusamehewa ushuru wa forodha. Kanuni za uasili hutazama kazi iliyofanyika ndani ya Jumuiya, si mahali ilipotoka malighafi peke yake, kwa hiyo uzi uliosokotwa Eldoret au Ruiru si sawa na uzi ulioshushwa bandarini ukiwa tayari kwenye koni. Ndiyo sababu ya kudai risiti yenye jina la kiwanda na kuacha lebo kwenye koni. Wapo wanaozibandua lebo ili mzigo uonekane wa matumizi ya nyumbani. Wanajinyima ushahidi pekee waliokuwa nao.

Cheti hicho kinaondoa ushuru wa forodha, hakiondoi kodi ya ongezeko la thamani. Hiyo ni asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania, Uganda na Rwanda, na inapaswa kuwa ndani ya hesabu kabla ya kuondoka nyumbani. Mwenye kuambiwa na kishoka kwamba cheti ni cha makampuni tu, au kwamba njia ya panya ni nafuu, apige hesabu ya mzigo mzima ukikamatwa wiki mbili kabla ya shule kufunguliwa. Vituo vya pamoja vya huduma, kama Namanga, Holili na Taveta, Mutukula, Rusumo na Busia, vimeweka maafisa wa nchi mbili chini ya paa moja, na mtu huhudumiwa upande anaoingia. Afike asubuhi.

Jambo dogo linalowaumbua wengi ni mfuko. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya Agosti 28, 2017 na Tanzania Juni 1, 2019. Uzi hupenda kufungwa kwenye plastiki ili usipate vumbi wala mvua, na mfumaji anayehamishia madonge kwenye mifuko ya kubebea iliyopigwa marufuku anaweza kutozwa faini kubwa kuliko faida ya safari. Vifungashio vya kiwandani vibaki kama vilivyo, na vilivyolegea viingie kwenye mfuko wa salfeti uliotandikwa kanga kuukuu ndani.

Kalenda

Anayeuza sweta nchi mbili anaweza kufanya kazi karibu mwaka mzima, kwa sababu shule hazifunguliwi pamoja. Kenya na Tanzania huanza mwaka Januari, Uganda huwa Februari, wakati Rwanda, Burundi na Kongo huanza Septemba. Bei ya uzi Nairobi huwa na joto kuanzia Novemba, mafundi wote wakitaka kijani, bluu na damu ya mzee kwa wakati mmoja. Anayenunua Aprili au Mei huchagua bechi kwa nafasi, na muuzaji ana muda wa kumtafutia koni 55 zinazofanana.

Baada ya safari mbili au tatu, wengi hawapandi tena basi kwa kila oda. Wanabaki na kadi ngumu yenye matundu, kila tundu limefungwa uzi wa rangi moja, na pembeni imeandikwa namba ya rangi, namba ya bechi, jina la duka na tarehe. Muuzaji ana kadi kama hiyo. Simu inapigwa, namba inasomwa, picha ya lebo inatumwa, na pesa hazitumwi hadi lebo ionekane. Uzi unakuja na basi la usiku, na mwenye mzigo anakuwa ameshafika mpakani na risiti mkononi kuupokea na kuulipia mwenyewe, kwa sababu kondakta akiulizwa na afisa koni hizi ni za nani, hujibu hajui.